Hofu Haipimi Damu

(Mazungumzo ya wahudumu wa afya kwa wanakisomo wa Mbagala, Wilaya ya Temeke, Dar es Salaam)



Leo tuzungumze juu ya hofu ya kupima UKIMWI. Tusioneane haya. Hapa sote ni watu wazima.

Kazi yetu hutupitisha mitaa ya Temeke na Kinondoni. Huko tunakutana mara nyingi na watu wenye shida moja. Mtu amelala na mwingine asiyemjua vizuri, mara moja tu. Alivaa kondomu, wala haikupasuka. Au hawakufika huko, walibusiana na kushikana tu. Lakini tangu siku hiyo hana raha. Akipata homa, anasema, "Ndiyo wenyewe huo!" Akitoka jasho usiku, "Ndiyo wenyewe!" Hali, halali, anakonda. Mwambie, "Ndugu, nenda ukapime." Atajibu, "Heri nisijue."

Hofu hii imetoka wapi? Imetoka mbali. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kufika mwaka 1986 ugonjwa ulikuwa umeingia mikoa yote ya Bara. Wakati ule dawa hazikuwapo. Tulizika ndugu wengi. Basi watu wakaona kupima ni sawa na kusomewa hukumu ya kifo.

Lakini mambo yamebadilika. Mwaka 2004 serikali ilianza kutoa bure dawa za kufubaza virusi. Tangu mwaka 2016 kila anayeonekana ana virusi huanzishiwa dawa, hangoji mpaka augue. Anayezimeza kila siku bila kuacha anaishi, analima na kulea watoto wake. Mwaka 2007, Rais Kikwete na mkewe Mama Salma walipima mbele ya watu pale Mnazi Mmoja, ili wananchi waone kwamba kupima si aibu.

Sasa tuangalie hatari iko wapi. Virusi hupita katika damu, shahawa, majimaji ya ukeni na maziwa ya mama. Havipiti kwa jasho, wala kwa kushikana mikono, wala kwa kula sahani moja. Mbu haviambukizi. Kwa hiyo waliokumbatiana tu hawana sababu ya kukosa usingizi. Aliyevaa kondomu vizuri tangu mwanzo hadi mwisho, hatari yake ni ndogo sana. Akitaka kuwa na hakika, kipimo kipo.

Homa je? Homa si kipimo. Huenda ni malaria. Jasho, tumbo kuvurugika na kukonda vinaweza kuletwa na mawazo yenyewe. Tena mwenye virusi anaweza kukaa miaka mingi bila dalili yoyote. Kwa hiyo kujitazama kwenye kioo kila asubuhi hakukuambii kitu.

Basi tufanye nini? Tufuate siku.

Kwanza, kama kondomu ilipasuka au haikutumika, wahi hospitali kabla ya saa 72 kupita. Usingoje kesho. Zipo dawa za kuzuia virusi visishike mwilini. Humezwa kila siku kwa siku 28.

Pili, usipime kesho yake ukadhani umemaliza. Kipimo cha kawaida hutafuta askari ambao mwili umewatengeneza kupigana na virusi. Askari hao huchukua muda kutokea. Kwa watu wengi huonekana baada ya wiki 4 hivi. Ukipima baada ya miezi 3, na hukujiweka tena katika hatari, jibu hilo ndilo la mwisho.

Tatu, ukiambiwa huna, amini. Kuna wanaopima Temeke, wiki ijayo Mwananyamala, halafu Sinza. Damu ni ile ile, jibu ni lile lile. Hapo kinachotaka dawa ni hofu. Kaa na mshauri pale kituoni, umweleze yote.

Nne, jibu la mwenzio si lako. Mke akipimwa kliniki akaonekana hana, mume asiseme, "Basi na mimi nimepima." Kila mtu atoe damu yake.

Kupima katika vituo vya serikali ni bure. Huchomwa kidole, na jibu hutoka siku hiyo hiyo. Kipimo cha kwanza kikionyesha virusi, hupimwa tena kwa kipimo kingine kwanza. Jibu lako ni siri yako, na sheria ya mwaka 2008 inailinda. Tangu sheria hiyo ilipobadilishwa mwaka 2019, mtu anaruhusiwa hata kujipima mwenyewe. Akiona alama ya virusi, aende kituoni kuhakikisha.

Ndugu zetu, anayeogopa na asipime anaumia mara mbili. Kama hana virusi, anateseka bure. Kama anavyo, anachelewa dawa, na huenda akamwambukiza mwenzake. Hesabuni siku zenu, kisha nendeni.