Lori la Chama Linapopungukiwa Nguvu
(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Msimu wa mavuno ndio msimu unaolipima lori la chama. Mazao yamejaa ghalani, mkulima anangojea fedha yake, na mvua haimngojei mtu. Mara dereva hupiga simu kutoka njiani akaeleza kwamba taa ya manjano imewaka mbele yake, na gari halivuti hata akikanyaga mafuta mpaka mwisho. Uamuzi utakaotolewa saa hiyo waweza kukigharimu chama bei ya chujio moja tu, au waweza kula ziada ya msimu mzima. Kwa hiyo jambo hili si la fundi peke yake. Ni la katibu na la kamati pia.

MAANA YA TAA HIYO

Katika malori ya zamani pampu ya dizeli iliendeshwa kwa vyuma vitupu. Injini ilipougua ilitoa moshi, ikagonga, hatimaye ikazimika. Malori ya siku hizi yana kompyuta ipokeayo habari kutoka kwa vihisi: joto la maji, presha ya hewa, presha ya mafuta na mengineyo. Kipimo kimoja kikivuka mpaka wake, kompyuta huwasha taa na kupunguza nguvu kwa makusudi ili injini isiharibike. Mara nyingi, basi, kupungua huko kwa nguvu si ugonjwa wenyewe, bali ni kinga. Katibu amwamuruye dereva kulilazimisha gari lipande mlima na mzigo wake, anamwamuru aivunje kinga hiyo.

Yafaa kutenga onyo na hali ya kawaida. Injini isiyo na tabo, yaani kile chombo kinachosukuma hewa ndani ya injini, hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi. Lori la namna hiyo likitoka Dar es Salaam na kufika Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, hupungukiwa zaidi ya asilimia 15 ya nguvu bila ubovu wowote, wala hakuna taa inayowaka.

HATUA YA KWANZA NJIANI

Ikiwaka taa nyekundu ya oili, au ya joto la maji, dereva asimame mahali salama na kuzima injini mara moja. Ikiwa ni ya manjano peke yake, aegeshe vema, kisha aandike: mzigo ulikuwa kiasi gani, gari lilikuwa mlimani au tambarare, moshi ulikuwa wa rangi gani, na dizeli ya mwisho ilijazwa wapi. Maandishi hayo machache humwokolea fundi saa nyingi za kubahatisha.

UCHUNGUZI UANZE NA VILIVYO RAHISI

1. Hewa. Chujio la hewa lililojaa vumbi huinyima injini pumzi, na moshi huwa mweusi. Mipira itokayo kwenye tabo nayo itazamwe: ufa mdogo au klempu iliyolegea huvujisha hewa, na mara nyingi mluzi husikika gari likivuta.

2. Mafuta. Chujio la dizeli likiziba, gari huenda vizuri tambarare na kuchoka mlimani. Maji yaliyotuama chini ya chujio yamwagwe. Dizeli ya madumu kando ya barabara ni hatari, kwa sababu huweza kuwa na maji au mafuta ya taa, ambayo hayalainishi pampu ipasavyo. Ndiyo maana Tanzania ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa tamaa ya kuyachanganya. Stakabadhi ya kituo kinachotambulika ni dawa ya injini na ya hesabu pia.

3. Umeme. Kompyuta ikipata umeme hafifu husoma vibaya. Betri mbili zilizojaa, katika lori la volti 24, huonyesha kama volti 25 injini ikiwa imezimwa, na 27 hadi 28 ikiwa inanguruma. Vichwa vya betri na nyaya zilizokwanguka vitazamwe kabla ya kulaumu kihisi.

4. Njia ya moshi. Malori mengine yana chujio la masizi, ambalo huziba gari likienda safari fupi fupi za polepole. Mengine hutumia maji ya urea katika tangi la pekee. Yakiisha au yakichafuka, kompyuta hupunguza nguvu. Hapa pana onyo kwa vyama vya wakulima: mbolea ya urea iliyomo ghalani isikorogwe na kutiwa katika tangi hilo. Maji hayo hutengenezwa kwa urea safi, asilimia 32.5, na maji yaliyoondolewa chumvi. Mbolea ina takataka ziharibuzo mtambo wa gharama kubwa.

Tahadhari: katika injini za kisasa mtu asifungue bomba la nozeli injini ikinguruma. Presha yake hupita mara elfu moja ya presha ya hewa ya kawaida, na uzi wa dizeli waweza kupenya ngozi ya mkono.

KUSOMA MSIMBO

Yakishindikana hayo, fundi achomeke mashine ya kupimia na kusoma msimbo. Lakini ieleweke kwamba msimbo hutaja kipimo kilichokosewa; hautaji kipuri cha kununua. Msimbo P0087, kwa mfano, maana yake ni presha ndogo ya mafuta. Chanzo chaweza kuwa chujio lililoziba, hewa iliyoingia katika bomba, pampu iliyochoka, au nozeli zinazovujisha. Fundi asomaye P0087 na papo hapo kudai pampu mpya hajapima, amekisia. Na fundi afutaye msimbo bila kutafuta chanzo amezima taa tu, ubovu ameuacha.

WAJIBU WA KATIBU NA KAMATI

Kila lori liwe na daftari la matengenezo lenye tarehe, kilomita, msimbo uliosomwa, kipimo kilichochukuliwa na kipuri kilichofungwa. Kipuri cha zamani kirudishwe ofisini kabla ya malipo. Kamati isiidhinishe ununuzi wa pampu au nozeli bila maandishi ya vipimo vilivyothibitisha ubovu. Machujio yanunuliwe kabla ya msimu, si baada ya gari kukwama. Na dereva asimamaye kwa sababu ya taa asikaripiwe kwa kuchelewesha mzigo. Akikaripiwa leo, kesho ataificha taa hiyo, na chama kitapata habari injini ikiwa imekufa.

Ndugu wanachama, daftari hilo ni lenu. Katika mkutano mkuu, gharama za lori zinaposomwa, ulizeni kilichopimwa kabla ya kuuliza kilicholipwa.