NDOTO ZA UJANA HUTIMIA KIMYAKIMYA
(Hotuba ya Katibu katika sikukuu ya miaka kumi ya Chama Kikuu)



Hesabu za kilo na za fedha Mwekahazina amekwisha kuzisoma, nasi hatutazirudia. Twapenda kusema juu ya jambo lisiloandikwa katika daftari lo lote la Chama, nalo ni ndoto za ujana.

Sisi tulio makatibu na makarani wa leo tulikuwa watoto wa shule ya msingi katika miaka ya mwisho ya 1990 na ya kwanza ya 2000. Siku moja mwalimu alituagiza tuandike insha juu ya kazi tutakazozifanya tukiwa watu wazima. Mmoja aliandika kwamba atakuwa rubani, wa pili daktari, wa tatu mwenye malori manne ya kuchukua kahawa mpaka Bukoba mjini. Wengine tuliandika kwamba tutakuwa mabwana wa ofisini, wenye kalamu mfukoni na saa mkononi. Mwalimu alicheka, akatupa maksi nzuri.

Lakini ilikuwako ndoto nyingine ambayo hatukuiandika, kwa kuona haya. Katika Kagera hakuna asiyelijua neno butura. Maana yake ni kuuza kahawa ingali changa mtini. Mkulima hupewa fedha kidogo siku ya shida, na mavuno yakifika, mwenye fedha huja kuchukua kahawa yote. Katika nyumba tuliyolelewa, kaka yetu alichaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Januari ikaja na ada, na sare, na godoro, na fedha haikuwapo. Mama akaenda kwa mtu mwenye fedha, akauza kahawa ya kibanja cha chini.

Mavuno yalipofika tulikuta watu wasio wa nyumba yetu wakichuma kahawa yetu. Mama aliwapelekea maji ya kunywa, wala hakusema neno. Sisi tulisimama nyuma ya mgomba tukahesabu madebe yakitoka, na tulipofika ishirini na mawili tuliacha kuhesabu. Usiku ule tuliambizana kwamba tukiwa wakubwa, mama atapima kahawa yake mwenyewe, katika mzani anaouona kwa macho yake, naye atapewa karatasi yenye jina lake.

Kisha tukasahau, kama watoto wasahauvyo. Tukamaliza kidato cha nne, na maksi zetu hazikutosha kutupeleka mbele. Rubani hakuruka, wala malori manne hayakununuliwa. Tulirudi nyumbani kwa aibu kidogo. Wazee wa chama cha msingi walipotuomba tuandike stakabadhi kwa sababu mwandiko wetu ulisomeka, tulikubali, huku tukiiona kazi hiyo kuwa ya kupitisha siku tu. Siku zikawa miezi, na miezi ikawa miaka.

Basi katika msimu uliopita alifika ghalani bibi mmoja mjane, pamoja na mjukuu wake wa shule. Karani alimwamkia, akamwambia, “Bibi, simama hapa uuone mzani.” Bibi akajibu, “Macho yangu hayaoni tena, baba. Mjukuu wangu atanisomea.” Mtoto yule akasogea, akasoma kwa sauti iliyosikika mpaka nje: kilo hamsini na tatu na nusu. Karani akaandika kama alivyosoma mtoto. Bibi akaikunja stakabadhi, akaifunga katika pindo la khanga yake, akaenda zake. Hapakuwa na ngoma wala vigelegele. Ndipo tulipoukumbuka mgomba ule, na madebe yale ishirini na mawili. Jambo tulilolitamani usiku ule lilikuwa limekwisha kutimia, nasi tulikuwa tukilifanya kila siku bila kulitambua.

Ndugu wanachama, twaona kwamba hivi ndivyo ndoto zilivyo. Kijana huitazamia ije juu ya farasi, nayo huja kwa miguu, imevaa nguo za kazi. Wazee wetu pia walikuwa vijana walipoanzisha Chama Kikuu cha wakulima hapa Bukoba mwaka 1950, ili kahawa yao iuzwe kwa mikono yao wenyewe. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Hapo twajifunza kwamba ndoto iliyotimia yaweza kupotea tena, isipokuwa itunzwe.

Wala hatuna budi kusema kweli mbele yenu. Butura haijafa. Wako wanachama wetu wanaouza kahawa changa, na wengine hupeleka magunia kwa wachuuzi usiku. Ni rahisi kuwalaumu. Lakini ada na dawa hazingoji mnada, na sisi viongozi mara nyingine tumechelewa kuwalipa, kisha tukawahubiria subira. Mtu hawezi kumlisha mtoto kwa subira. Kosa hilo ni letu, nasi twalikiri.

Kwa hiyo twaleta mashauri mawili, ambayo yatafikishwa katika Mkutano Mkuu. La kwanza, kila mwanachama akubali kukatwa kiasi kidogo kwa kila kilo anayouza, fedha hiyo iwekwe katika mfuko wa peke yake, na kila Januari mwenye shida akopeshwe kutoka humo kwa dhamana ya kahawa yake, arudishe wakati wa mavuno kilichokopwa na si shamba zima. Kiasi hicho mtakiamua ninyi wenyewe. La pili, tarehe ya malipo ibandikwe mlangoni pa kila ghala, na tukiipita, Katibu asimame mbele ya wanachama aeleze sababu.

Mwaka huu pia watoto wanaandika insha zao. Watataka kuwa marubani, nasi twawaombea Mungu waruke. Lakini huenda yuko mmoja asimamaye sasa nyuma ya mgomba, akihesabu madebe ya mama yake yanayokwenda kwa mtu mwingine. Huyo hataandika ndoto yake, maana anaona haya. Ni juu yetu kuitimiza kabla hajawa mtu mzima.

Mungu akibariki Chama chetu.