Hifadhi ya reli, hifadhi ya barua: tukiitwa na kamati ya bunge tuseme nini?

UZI. Wengi mmeniomba yale niliyosema Jumapili Gatwekera, kwenye kikao cha watu wa kando ya reli. Nayaweka hapa karibu vile yalivyotoka mdomoni. Sitaji mwanasiasa wala chama. Mkitaka hayo, nyuzi ni nyingi.

Wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni, hamjambo. Kabla sijaanza, mama mmoja hapa mbele ameniuliza: "Kamati ya bunge ikisema inajadili usalama wa reli, si hiyo ni njia ya heshima ya kusema tunabomolewa?" Nikacheka. Halafu nikaona si swali la kuchekwa.

Tuchukue neno moja tu: hifadhi. Ardhi iliyo kando ya reli inaitwa hifadhi ya reli, na kila bomoabomoa ikikaribia mtasikia mita 30 kila upande. Sasa, kwenye sheria ya posta ya 1998 pia kuna hifadhi. Barua isiyozidi gramu 350 imehifadhiwa Posta, na wale wa kubeba vifurushi kwa pikipiki wakae mbali nayo. Huo ndio ukiritimba mnaosikia ukitajwa. (Kibra yenyewe ilikuwa hifadhi ya jeshi, ya askari Wanubi. Sisi ni watoto wa hifadhi.)

Lakini hakuna aliyehifadhiwa kitu bure. Reli ilipewa ardhi ili treni ipite bila kuumiza mtu. Posta ilipewa barua ili ifikishe hata mahali hakuna faida. Kwenye mjadala wa runinga mtasikia haki ikitajwa mara kumi. Lile deni linalokuja na hiyo haki halitajwi kabisa, na sisi tukienda, tuende na hilo deni.

Tuanze na reli. Tarehe 22 Desemba 2013 treni ya mizigo iliacha njia hapa Kibera, mabehewa yakalalia nyumba za mabati. Wengine wenu mlikuwepo. Jiulizeni: siku ile ni mtu alienda kwa treni, ama ni treni ilikuja kwa mtu? Miezi miwili tu kabla, tarehe 30 Oktoba, basi liligongwa na treni Mutindwa, kule Eastlands, watu zaidi ya 10 wakafa. Pale shida ilikuwa kivuko. Kwa hiyo usalama wa reli ni chuma, ni kokoto chini ya chuma, ni breki, ni kivuko, ni mwendo wa treni ikipita katikati ya watu. Kuondoa vibanda ni sehemu moja tu ya hiyo kazi. Ni sehemu inayoonekana haraka kwenye picha, basi.

Na tuseme ukweli wote, maana kamati itatuuliza. Januari 2008 reli iling'olewa hapa hapa, kwa mikono ya watu wa huku. Mizigo ya Uganda ikakwama. Ukienda kuzungumzia usalama wa reli na hilo umelificha, mtu wa kwanza kukuuliza atakumaliza.

Mwaka 2004 watu wa kando ya reli, huku na Mukuru, walipewa notisi ya siku 30. Siku 30! Hawakukubali tu, na hawakurusha mawe. Muungano wa Wanavijiji wakasimama, na ikafika mahali maofisa wa reli na wakaaji wakaenda pamoja Mumbai, India, kuona watu wa kando ya reli kule walivyohamishwa. Watu wakahesabiwa, nyumba hadi nyumba. Benki ya Dunia ikaingiza pesa. Ndiyo mkaona yale majengo, vile vibanda vya biashara na ule ukuta. Ilichukua zaidi ya miaka 10 na si kila mtu aliridhika, mimi nawajua waliokosa. Lakini linganisheni na Kibos, Kisumu, Februari 2021: ardhi ya reli vilevile, Wanubi vilevile, na matingatinga yakaingia usiku. Tofauti kubwa ilikuwa nini? Huku watu walikuwa wamehesabiwa kabla.

Posta nitaenda haraka. Vijana mnasema barua zimekufa, nani anajali. Barua ya korti haijafa. Ya pensheni haijafa. Mimi barua yangu ya kuitwa chuo ilipitia sanduku la shule moja, ikalala kwenye droo wiki tatu, nikaripoti wenzangu wameshasoma nusu ya muhula. Gatwekera huwezi kuandika jina la barabara na nambari ya mlango, unaandika "karibu na choo cha bluu". Siku hizi Posta inakubali nambari ya simu iwe anwani yako, na hiyo ni hatua. Lakini swali la kamati ni hili: kama barua ndogo ni ya Posta peke yake, inafika mlango gani hapa? Kama haifiki, kwa nini huyu wa pikipiki anayejua choo cha bluu azuiwe? Posta watajibu kwamba ukiachia wenye pikipiki watabeba za Nairobi tu, na ya Turkana nani ataipeleka. Si jibu baya. Waulizwe basi hiyo ya Turkana inafika vipi.

Namna ya kwenda. Hizi ni kamati mbili, msichanganye: reli iko kwa kamati ya uchukuzi na miundombinu, Posta kwa ile ya mawasiliano. Katiba, kifungu 118, inataka bunge lishirikishe wananchi. Kifungu 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni. Kifungu 125 kinaipa kamati nguvu kama za Mahakama Kuu za kuita mtu na kudai karatasi. Hiyo ya mwisho ndiyo silaha. Msiende kulia pale. Ombeni karatasi: reli ya Kibera ilikaguliwa lini mara ya mwisho, na treni inaruhusiwa kwenda mwendo gani hapa.

Ukurasa mmoja, Kiswahili ni sawa, bunge linakitumia. Mama aliyeuliza swali, wewe ndiye utasoma, mimi nitashika karatasi. Jumamosi saa nane tukutane hapa tuandike. Mwenye picha za 2013 azilete.