"Hustler": neno tamu, lakini deni ni la nani?



Siku hizi kila mutu anajiita "hustler". Iko ku statut ya WhatsApp, iko imeandikwa nyuma ya taxi-moto. Basi tuulize: hili neno linasema nini?

Zamani, kwa Kiingereza, lilikuwa neno la kutikisa na kusukumana. Mu karne ya 19 hustler alikuwa mwizi anayesukuma watu ili awaibie. Kisha Wamarekani wakaligeuza: mutu anayehangaika, asiyechoka kutafuta makuta. Mpaka leo maana mbili zinatembea pamoja, bidii na ujanja.

Wakenya wanasema hasla. Mu 2022 William Ruto alipanda na neno hilo mpaka ikulu. Mu Juni 2024 vijana walijaa barabarani Nairobi kukataa kodi mpya. Jina walipewa, muzigo ukabaki.

Na shi? Shi tuko nalo tangu zamani kwa jina lingine: Article 15, ujipange mwenyewe. Creuseur anayeshuka mu shimo asubuhi, mama anayeuza makala, kijana wa taxi-moto: hao tunawaheshimu sana. Kinachotuuma ni kiongozi anayewapigia makofi, "nyinyi ni ba-hustler kweli!", juu akisema hivyo anajitoa mu deni lake.

Tufungue Katiba ya 2006. Article 15 yenyewe inaongea juu ya kumaliza ubakaji na jeuri ya kimapenzi, ujipange haimo. Article 36 inasema kazi ni haki, na Serikali inapaswa kulinda raia asikose kazi. Article 58 inasema Wakongomani wote wana haki ya kufaidi mali ya nchi. Na Code ya migodi ya 2018 inatoa 15% ya redevance kwa muji, commune, secteur ao chefferie ambako madini yanachimbwa.

Kwa hiyo tuhasle, ndiyo. Lakini jioni, ukimaliza kuhesabu makuta yako, uulize pia: ile 15% iko wapi, imejenga nini? Twende pamoja, kwa amani, tuombe hesabu kwa maandishi. Mutu anayejipanga hakatazwi kudai haki yake.

Likasi ni yetu shi bote.