Hija Hupimwa Nyumbani

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mahujaji waliorejea na jamaa zao)



Kila mwaka, siku chache baada ya Idi ya Kuchinja, hujaji hurejea kwao na kupokewa kwa shangwe. Dufu hulia, kasida huimbwa, na hata majirani wasiokuwa wa dini yake hufika kumpa mkono. Sanduku hufunguliwa, maji ya zamzam hugawanywa katika vikombe vidogo, tende na tasbihi hupita mkono kwa mkono, na wazee hupewa miswala mipya. Tangu siku hiyo jina lake huongezewa cheo. Aliyekuwa Bwana Fulani huwa Alhaji, na aliyekuwa Bibi Fulani huwa Hajati. Hayo ni mambo mema, na hapana sababu ya kuyalaumu.

Lakini baada ya majuma mawili maji ya zamzam huwa yamekwisha na wageni wamekwenda zao. Hujaji hubaki na duka lake, shamba lake au ofisi yake, pamoja na majirani zake wa siku zote. Wahenga walisema kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Hapo ngamani ndipo swali lenye uzito linapozuka: ni kitu gani kilichorejea pamoja na hujaji huyu ambacho hakikuwamo sandukuni?

Hija ni nguzo ya tano ya Uislamu, na ni faradhi mara moja tu katika maisha kwa mwenye uwezo. Amali zake kubwa hutimizwa katika siku tano au sita za mwezi wa Mfunguo Tatu. Hujaji huvaa ihramu, ambayo kwa wanaume ni shuka mbili nyeupe zisizoshonwa, zinazomkumbusha sanda. Huizunguka Al-Kaaba mara saba, hutembea baina ya Safa na Marwa mara saba, husimama Arafa tarehe 9, hulala Muzdalifa, kisha hutupa mawe Mina. Muda wote huo amekatazwa maneno machafu, uasi na ugomvi, hata pale anapokanyagwa mguu katika msongamano wa watu wengi mno. Kwa hiyo hija ni chuo. Na hakuna mwalimu anayempeleka mtoto chuoni ili akitoka mlangoni asahau alichofundishwa.

Qurani yenyewe imelieleza jambo hili waziwazi. Katika Sura Al-Baqara, aya ya 200, mahujaji wanaamrishwa kwamba wakisha kutimiza ibada zao za hija wamkumbuke Mwenyezi Mungu kama walivyokuwa wakiwakumbuka baba zao, au zaidi ya hivyo. Waarabu wa zama za kabla ya Uislamu walikuwa na desturi ya kumaliza hija kwa kujisifu kwa nasaba. Aya ikaigeuza desturi hiyo: mwisho wa hija si wakati wa majivuno, bali ni mwanzo wa dhikri. Anayerudi na cheo cha Alhaji akakifanya ngazi ya kupandia juu ya wenzake, amerudia desturi ileile iliyokomeshwa.

Hata hivyo, haifai kumhukumu kwa haraka hujaji anayelegea. Mjini Makka kila kitu humsaidia. Adhana ikisikika, umati mzima huelekea msikitini, naye huchukuliwa na umati huo kama jahazi lichukuliwavyo na pepo za kusi. Hana mteja wa kumngoja, hana bosi wa kumfokea, hana mtoto wa kupeleka shule. Nyumbani upepo huo haupo. Alfajiri msikiti wa mtaa huwa na nusu safu tu, na kitanda kina joto. Mwenye kutegemea msisimko wa Makka pekee hana budi kukwama.

Wako pia wanaokwama kwa kutaka mengi mno. Hujaji hurejea na azma ya kusimama kila usiku kwa sala na kusoma juzuu nzima kila siku. Mfunguo Nne huanza kwa kishindo. Ifikapo Mfunguo Sita amechoka, na kwa kuwa ameshindwa yote, huacha yote. Dawa ya maradhi hayo imo katika mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, yaliyopokewa kwa Bibi Aisha: amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumishwa, hata kama ni kidogo. Kwa Kiswahili cha kila siku, haba na haba hujaza kibaba.

Hesabu yake ni nyepesi. Msahafu unaochapishwa Madina, ambao mahujaji wengi huja nao, una kurasa 604. Anayesoma ukurasa mmoja baada ya kila sala ya faradhi husoma kurasa tano kwa siku, na katika miezi minne na ushei huwa amekhitimu. Anayeweza kurasa mbili tu kwa siku hukhitimu kabla ya mwaka wa Kiislamu kutimia. Asiyeweza kufunga kila Jumatatu na Alhamisi huweza kufunga siku tatu za mwezi mpevu, tarehe 13, 14 na 15. Na dhikri ya baada ya sala, ya kumtakasa Mola, kumhimidi na kumtukuza mara thelathini na tatu kila moja, haihitaji fedha wala safari. Ibada ndogo iliyopangiwa saa yake hushinda ibada kubwa inayongoja nafasi.

Lakini kosa kubwa lingekuwa kudhani kwamba mazoea ya kiroho hukoma kwenye mswala na tasbihi. Imepokewa kwa Mtume kwamba anayehiji bila ya maneno machafu wala uasi hurejea kama siku aliyozaliwa na mama yake. Baadhi ya watu huyafahamu mafundisho haya vibaya, wakadhani kuwa madeni yao nayo yamefutwa. Wanazuoni wamefafanua kwamba haki za binadamu wenzake hazimtoki mtu mpaka awarudishie wenyewe au wamsamehe. Shamba la yatima lililoporwa kabla ya safari lingali la yatima baada ya safari. Fungu la mirathi la dada lililozuiliwa na kaka lingali la dada.

Chukua mfano wa hujaji mwenye duka la rejareja. Kabla ya safari mizani yake ilikuwa na kasoro, na mkazi wa mtaa aliyenunua kilo moja ya sukari alikuwa akiondoka na pungufu. Amerudi, sasa anavaa kanzu nyeupe, paji la uso lina alama ya sijda, na dukani imetundikwa picha kubwa ya Al-Kaaba. Mizani ni ileile. Qurani ina sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wapunjaji wa vipimo, nayo inaanza kwa kuwaonya. Kwa mkazi yule, ushahidi wa hija ya mwenye duka haumo pichani, umo mizanini. Akiona jiwe la mizani limesahihishwa, naye huenda akafungua moyo wake. Akiona hapana lililobadilika, huidharau dini kwa sababu ya mtu mmoja.

Haya si mageni. Katika Hija ya Kuaga, mwaka wa 10 Hijria, yaani mwaka 632, Mtume aliwahutubia maelfu ya watu. Aliwafundisha kuwa damu zao, mali zao na heshima zao ni tukufu. Alibatilisha riba, akausia wanawake wafanyiwe wema. Ni wazi kwamba mambo hayo yote hutekelezwa mahali watu wanapoishi: sokoni, mahakamani, na ndani ya nyumba baina ya mume na mke. Hotuba ilitolewa safarini, lakini kazi yake iko nyumbani.

Historia ya karibu nayo ina mfano. Mwezi wa Aprili 1964 Malcolm X, Mmarekani mweusi, alihiji Makka. Kabla ya hapo alikuwa amefundisha kwa miaka mingi kuwa watu weupe wote ni waovu kwa maumbile yao. Katika hija alikula na kusali pamoja na Waislamu wa kila rangi, akaandika barua kueleza jinsi fikra zake zilivyobadilika. Aliporejea hakuacha kupigania haki za watu weusi. Alizidi kuzipigania, lakini bila ya kumhukumu mtu kwa ngozi yake. Oktoba mwaka huohuo alifika pia Dar es Salaam. Aliuawa kwa risasi mjini New York tarehe 21 Februari 1965. Alipata miezi kumi tu baada ya hija yake, naye aliitumia.

Wala asikate tamaa yule ambaye hajajaaliwa kwenda. Mwaka 2020 na mwaka 2021, kwa ajili ya ugonjwa wa Uviko-19, hija iliruhusiwa kwa watu wachache tu waliokuwa tayari ndani ya Saudi Arabia. Wengi waliokuwa wamedunduliza kwa miaka walibaki na fedha mkononi. Njia ya Makka ilifungika. Njia ya kulipa deni, ya kumzuru mgonjwa na ya kumtazama yatima haikufungika hata siku moja.

Jamaa na majirani nao wana wajibu. Wakimpokea hujaji kwa dufu siku moja, kisha wakamwacha peke yake, wamemsaidia nusu. Na wampitie mlangoni Alfajiri. Watoto na wamwombe awasomeshe ukurasa wake wa jioni. Na mke, au mume, akimwona anaanza kuufungua mdomo kwa matusi, na amkumbushe kwa upole siku ile ya Arafa.

Ndugu mahujaji, katika Sura An-Nahl, aya ya 92, ametajwa mwanamke aliyesokota uzi wake ukawa imara, kisha akaufumua vipande vipande. Uzi wa hija husokotwa kwa gharama kubwa na jasho jingi. Kuufumua hakuhitaji dhambi kubwa. Hutosha Alfajiri moja kupuuzwa, kisha ya pili, kisha mizani kurudishwa ilivyokuwa. Na kuuhifadhi hakuhitaji muujiza. Hutosha ukurasa mmoja leo, deni moja kulipwa kesho, na ulimi kuzuiwa keshokutwa.

Mwenyezi Mungu azikubali hija za waliohiji, na awajaalie wasiokwenda.