Kinga Itokayo kwa Mwingine: Upandikizaji wa Uboho na Uhai wa Wagonjwa wa Saratani ya Damu



Mwaka 1957, nchini Marekani, Dkt. E. Donnall Thomas na wenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa sita waliotiwa uboho wa watu wengine kwa njia ya mshipa. Wote sita walifariki. Katika miaka iliyofuata watafiti wengi waliikatia tamaa kazi hiyo, Thomas hakuikatia.

Uliokosekana ni ulinganifu. Mwaka 1958 Mfaransa Jean Dausset alieleza alama ya kwanza ya HLA, miongoni mwa alama za juu ya seli ambazo kwazo mwili humtambua mgeni. Tunazirithi nusu kwa baba na nusu kwa mama, hivyo uwezekano wa ndugu wa tumbo moja na baba mmoja kulingana kikamilifu ni asilimia 25.

Mwaka 1977 kikundi cha Thomas, huko Seattle, kilitoa taarifa ya wagonjwa 100 wa lukemia kali, yaani saratani ya damu, walioshindikana kwa dawa. Kumi na watatu walikuwa hai, bila ugonjwa. Ni wachache, lakini bila uboho ule asingebaki hata mmoja. Wakajiuliza: kwa nini tungoje mgonjwa afike ukingoni? Walipopandikiza mapema, dawa zikiwa zimeutuliza ugonjwa, waliopona waliongezeka sana.

Hapa naomba tutulie kidogo. Zamani tulidhani saratani inauawa na dawa na mionzi, na uboho mpya unajaza tu pengo. Lakini waliopewa uboho wa pacha wao wa kufanana walirudiwa na lukemia mara nyingi kuliko waliopewa na ndugu wa kawaida. Maana yake kinga ya mchangiaji inayokuja na uboho wake, kwa kuwa inatofautiana kidogo, huendelea kuziwinda seli za saratani zilizojificha. Kinga hiyohiyo yaweza kushambulia ngozi, ini na utumbo wa mpokeaji, hata kumuua. Ufundi wote wa tiba hii umo katika kuiachia ipigane na saratani huku ukiizuia isimdhuru mwenye mwili.

Leo daftari za wachangiaji duniani zina watu zaidi ya milioni 40. Hata hivyo, huko Marekani mtu wa asili ya Ulaya hupata mchangiaji anayelingana naye kikamilifu mara tatu kati ya nne. Mwenye asili ya Afrika, takriban mara moja kati ya tano. Alama zetu Waafrika zina aina nyingi mno, na sisi tulioandikishwa ni wachache. Dawa ya siklofosfamidi, ikitolewa siku chache baada ya upandikizaji, imewezesha kumtumia hata mzazi au mtoto anayelingana nusu. Ni hatua kubwa, lakini haituondolei wajibu wa kujiandikisha.

Wanafunzi wangu, siku hizi seli shina za uboho huchukuliwa aghalabu kutoka kwenye damu ya mkono, baada ya siku nne au tano za sindano. Mkiitwa kupimwa, nawasihi mwende.