Hisa za Safaricom na Daftari la Mnunuzi
Mwaka 2008 Wakenya walipanga foleni kununua hisa za Safaricom kwa shilingi 5. Wapo waliokopa benki. Mapema 2009 bei ilikuwa chini ya shilingi 3, na wenye madeni wakauza kwa hasara, riba ikiwabana. Mwaka 2021 hisa hiyo hiyo ilivuka shilingi 40. Kwa maoni yangu, waliouza hawakukosea kampuni; walikosea kutumia fedha zisizoweza kusubiri. Aliyepata faida naye ajiulize: alizishikilia kwa hesabu, au alizisahau tu? Ndiyo maana namsihi kila mnunuzi aandike kwenye daftari, siku ile ile anayonunua, sababu yake na bei atakayouzia. Akishauza, alisome daftari hilo kabla hajampigia dalali simu nyingine.